Mpaka Leso Ipande

Umeipita picha hii mara ngapi? Usihesabu, utadanganya. Ilikuwepo kwa kinyozi ulipokuwa unanyolewa. Ilikuwepo juu ya meko pale baa ulipokuwa unapuliza povu la bia, na sebuleni kwa shangazi yako, kando ya saa ya ukutani. Mbwa wawili wembamba wamejinyoosha hewani, mmoja kola nyekundu, mwenzake kola nyeupe. Sungura mbele yao anakata kona, masikio kayalaza mgongoni. Mwamuzi yuko juu ya farasi. Ukasema, "Picha nzuri," ukaagiza bia nyingine. Macho yako yalikomea kwa mbwa. Yalipofika kule nyuma, kwenye mstari wa wafurushaji, wale wa kumtoa sungura mafichoni kwa bendera, kando ya mtaro, yaligeuka yakarudi. Ya kwetu pia yalirudi, sisi wa Marlmoss, kwa miaka mitano na miezi minane, na muda wote huo kulikuwa na mtu anaozea jela kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo keti. Safari hii utatazama.

Jumanne moja ya Oktoba 1936, saa nne asubuhi, sajini wa upelelezi Oswald Sephton aliingia baa ya Marlmoss, akavua kofia, akatazama juu ya meko. Picha haikuwepo. Palibaki mraba wa maua. Karatasi ya ukuta mzima ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa moshi wa makaa na tumbaku, lakini ndani ya mraba ule maua yalikuwa mabichi, ya waridi na kijani, kama yamebandikwa jana. Msumari ulikuwa bado upo.

Jumamosi iliyotangulia alikuwa amekaa chini ya picha hiyohiyo na kuuliza swali moja tu: ilichorwa siku gani? Hakujibiwa, na yeye hakulirudia.

"Picha iko wapi, Mama Halsall?"

Dorcas Halsall, mwenye baa, alikuwa anafuta glasi ambayo ilishafutwa. "Picha gani, mpenzi?"

"Ya mbwa."

"Aa, ile! Imeibiwa."

"Lini?"

"Jana. Yule Ezra wa mkokoteni, mnunua makuukuu. Yule ukipiga miayo anakung'oa jino."

"Akaiacha saa ya shaba iliyo kando yake."

"Labda hajui kusoma saa."

Watu wawili waliokuwa wanacheza domino waliinamia domino zao. Sephton alitoa futikamba, akapima mraba: futi mbili kwa moja na nusu. Akaandika kwenye daftari.

"Unapima ukuta, Sajini?" aliuliza mmoja wa wale wawili. "Unataka kuuoa?"

"Nataka kujua mahari yake," Sephton alisema, akatoka.

Jalada alilokuwa nalo kwapani lilikuwa la Silas Aughton, mchimba mitaro, aliyefungwa miaka kumi na miwili kwa kumuua Enoch Gorst. Kesi ilikuwa nyepesi. Enoch alikutwa mtaroni amekufa Ijumaa jioni, tarehe ishirini Februari 1931, siku ya fainali ya Kombe la Marlmoss, mbio za mbwa wawili kumkimbiza sungura. Watu kumi na wawili waliapa kwamba Ijumaa hiyo Enoch hakuonekana uwanjani kabisa. Basi ikaamuliwa alikufa Alhamisi usiku, kwenye saa mbili, baada ya kulewa na kugombana na Silas. Saa tatu usiku huohuo Silas alikamatwa kwa ulevi, akafungiwa mahabusu mpaka Jumamosi. Aliyemkamata na kugeuza ufunguo alikuwa Sephton mwenyewe, siku hizo akiwa konstebo wa kawaida.

Sasa uone jinsi jambo lilivyo jepesi. Kama Enoch alikuwa hai Ijumaa, Silas hakumuua. Alikuwa nyuma ya mlango wa chuma.

Daktari wa jela alikuwa ameandika kwamba mapafu ya Silas hayatafika Krismasi. Mahakama ya rufaa ilikuwa imeandika kwamba ushahidi mpya upokelewe Jumatano asubuhi, la sivyo jalada lifungwe. Treni ya mwisho ya kuuwahisha ilikuwa ya saa kumi na moja na dakika kumi jioni ile.

Na ushahidi ulikuwa picha. Mchoraji, bwana mmoja wa Preston, alikuwa amemjibu Sephton kwa barua: alifika Marlmoss Ijumaa kwa treni ya saa sita, akaondoka jioni, hajawahi kurudi. Alichora alichokiona. Mchoro wa kwanza aliuuza kwa Kanali Scarth, mwenye ardhi yote ile, naye Kanali akachapisha nakala thelathini, akawagawia watu wake Pasaka. Mwishoni mwa barua aliongeza sentensi ambayo Sephton aliipigia mstari. *Namkumbuka mfurushaji mwenye mkono mmoja, maana mstari mzima ulikuwa unatazama mbwa, yeye akinitazama mimi.*

Enoch Gorst aliuacha mkono wake wa kulia vitani Ufaransa, mwaka 1917. Marlmoss nzima haikuwa na mwingine wa hivyo.

Kwa kinyozi Aspinall, pale ilipokuwa picha palikuwa na kalenda ya mfalme. Kalenda ilikuwa ndogo, na ukuta uliokuwa mweupe ulichungulia pande zote nne kama shati lililochomoka.

"Umebadilisha pambo," Sephton alisema.

"Mkuu, nilichoka na mbwa. Nikaona bora mfalme."

"Tangu lini?"

"Tangu... kitambo."

"Kalenda hii ni ya mwaka kesho, Aspinall."

"Mimi mtu wa kujiandaa mapema."

Kwa mchungaji wa kanisa dogo, mraba mtupu. Kwa mwokaji mikate, mraba mtupu na msumari uliopindwa kwa hasira. Posta walisogeza kabati lizibe ukuta, likabaki limekaa katikati ya njia, na bibi wa posta ikabidi apite ubavu kama kaa ili kumuuzia stempu. Sephton alinunua ya peni moja. Nyumba kumi na moja kabla ya saa saba mchana.

Mkokoteni wa Ezra Maudsley aliukuta njia panda, farasi anakula, na mwenyewe anakula pai ya viazi kwa kisu. Nyuma ya mkokoteni, chini ya gunia, kulikuwa na fremu tisa za mwaloni, vioo vyake vizima. Futi mbili kwa moja na nusu. Ndani hamna kitu.

"Picha zake ziko wapi?"

"Mimi nanunua fremu, Sajini. Picha hawakuniletea."

"Wanasema umewaibia."

Ezra aliacha kutafuna. "Wanasema hivyo? Mama Halsall anasema hivyo? Juzi Jumapili, baada ya ibada, walipanga foleni hapa kama wanangoja sakramenti! Wote wananuka moshi wa karatasi. Yule Dorcas ndiye aliyenisumbua bei kuliko wote."

Sephton aliandika. Njia ya wizi ilikuwa imekufa, na kifo chake kilikuwa kimesema zaidi ya walivyosema wenye nyumba. Mtu wa Marlmoss atachoma ukweli bila kupepesa jicho. Fremu ya mwaloni hawezi kuichoma. Alilelewa asitupe hata uzi.

Absalom Tyrer alikuwa kwenye mabanda ya mbwa, anachanganya uji wa shayiri na kichwa cha kondoo. Umri wake miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyekuwa mfungua mbwa siku ya fainali: yule wa koti jekundu ambaye huwashika mbwa wote wawili kwa kamba moja, mwenye kola nyekundu daima kushoto, mwenye nyeupe daima kulia, na kuwaachia sungura akishapata hatua zake themanini. Jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya viapo.

"Kama umekuja kwa habari za Enoch, rudi zako," alisema bila kugeuka. "Niliapa."

"Nimekuja kwa habari za Mvunja Umande."

Mgongo wa mzee ulilegea. Mvunja Umande alikuwa mbwa wa kijiji. Nyumba thelathini zilimlisha kwa zamu, na alivyolishwa yeye watoto wengi hawakulishwa.

"Unataka nini kwa yule marehemu?"

"Nabishana na mtu. Anasema siku ya fainali mbwa alikuwa mzima. Mimi nasema aliumia mguu wa nyuma."

"Wote wawili wajinga." Tyrer alipangusa mikono. "Wa mbele, kushoto. Nusu fainali, saa tano kasoro robo, Ijumaa asubuhi. Alikanyaga kipande cha chupa. Damu hapa mpaka pale. Kanali akasema mtoeni. Mimi nikamvua mke wangu skafu shingoni, ya kijani, nikairarua, nikafunga mguu. Saa nane mchana akashinda fainali na mguu wa kijani! Umeshawahi kuona mbwa wa namna hiyo, kijana?"

"Alikimbia tena na mguu ule?"

"Akimbie wapi? Jumamosi ulivimba kama kiazi. Hakukimbia tena mpaka kufa."

"Kwa hiyo kitambaa cha kijani kilionekana uwanjani kwenye fainali tu."

"Mbio moja. Hakuna kabla, hakuna ba—"

Mbwa mmoja bandani alipiga mwayo. Muulize mtu wa kwetu habari za jirani yake, atakuwa bubu. Muulize mbwa wake aliumia wapi, atakutajia dakika.

"Picha ina mguu wa kijani, Mzee Tyrer. Nimeikumbuka kwa miaka mitano kama doa la rangi tu. Na nyuma ya mguu huo kuna mtu wa mkono mmoja."

"Picha hamna tena."

"Nakala zilikuwa thelathini. Enoch alikufaje?"

Mzee alichukua ndoo, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Sungura alirudi nyuma," alisema. "Badala ya kwenda mbele aligeukia kwenye mstari wa wafurushaji. Kanali ndiye alikuwa mwamuzi. Mwamuzi hatazami ardhi, anatazama mbwa, ndiyo kazi yake. Farasi akampiga Enoch kwa bega. Enoch akaingia mtaroni."

"Maji yalikuwa kina gani?"

"Ya kiunoni. Lakini tope, Oswald. Na mkono mmoja."

"Aliita?"

"Mara tatu."

"Ulikuwa mbali?"

"Toka hapa mpaka lile banda."

Sephton alilitazama banda. Mtu angeweza kulirushia kofia.

"Hukwenda."

"Leso haikuwa imepanda!" Sauti ya mzee ilivunjika, mbwa wote wakasimama. "Unajua sheria, umezaliwa nayo. Mbio zikianza, hakuna anayevunja mstari mpaka mwamuzi apandishe leso ya rangi ya mshindi. Ukiuvunja, mbio zimefutwa, zinarudiwa. Na mbwa wetu alikuwa na mguu uliochanika. Asingerudia. Kila mtu alijua asingerudia. Tulisimama. Nilimwona Wilf Rimmer ameng'ang'ania bendera yake, amesimama. Dakika mbili. Mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kuziona. Leso ikapanda nyekundu, ya kwetu, tukakimbia."

"Mtaroni?"

"Kwa mbwa."

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Tulimkumbuka tulipokuwa tunahesabu watu wa kupewa supu. Kanali akasema, maskini, alikuwa amelewa jana. Akasema mara moja tu. Hakutulazimisha. Nataka uandike hivyo, hakutulazimisha."

"Nitaandika, utie sahihi."

"Tia wewe kwanza."

"Mimi?"

"Jina lako ni la kumi na mbili kwenye ile orodha. Na picha unayo, nyuma ya makoti, kwenye ujia wa nyumba yako, nilikuletea mwenyewe. Nenda ukaitazame pembeni, kulia. Tulipokuwa tunazichoma Jumapili sote tulikuona. Wewe peke yako hujajiona."

Sephton aliendesha baiskeli maili mbili bila kusimama. Nakala yake mwenyewe, iliyofunikwa na makoti, alikuwa ameisahau. Ilikuwa saa kumi na dakika tano alipofungua mlango wake. Makoti yalikuwa yameondolewa kwenye kulabu. Nyuma yake, ukutani, mraba.

Mkewe Prudence alikuwa jikoni anamenya viazi. Jiko la makaa lilikuwa limewaka vizuri, mlango wake wazi. Mezani kulikuwa na fremu tupu, na kando yake karatasi ngumu iliyofunikwa kifudifudi.

"Kaka yangu Wilf alikuja saa sita," alisema. "Aliitaka. Nikamwambia nitaichoma mwenyewe."

"Mbona hujaichoma?"

"Viazi havijaisha." Alimenya kingine, polepole. "Wilf amelia hapo ulipo, Ossie. Dume lile. Nikasema huyu amelia, na mume wangu ameipita picha kila asubuhi akichukua koti, anapiga mluzi. Nikataka nione uso wako utakapoiona."

Aliifunua.

Mguu wa mbele wa kushoto wa mbwa wa kola nyekundu ulikuwa na mstari wa kijani, mnene kama kijiti cha kiberiti. Nyuma yake, wafurushaji na bendera zao nyeupe. Wa sita alikuwa na bendera mkono wa kushoto; mkono wa kulia wa koti lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Wenzake wote uso upande. Yeye alikuwa anakutazama wewe.

Na pembeni kabisa, kulia, palipokuwa panafichwa na ukingo wa fremu mpaka uinamishe kichwa, kulikuwa na konstebo kijana wa joho la mvua. Aliupa mgongo mstari na mtaro. Kiganja kakikinga juu ya macho, kinywa wazi. Alikuwa anashangilia.

"Hatua kumi na mbili kutoka kwake," Prudence alisema. "Nimehesabu nguzo za uzio."

Sephton alivuta kiti. Alichomoa karatasi ya serikali kutoka kwenye jalada, akachovya kalamu, na mkewe akasoma begani kwake: *Mimi, Oswald Sephton, niliapa kwamba Ijumaa ile sikumwona Enoch Gorst. Sikumwona kwa sababu sikutazama. Nilisikia sauti ya mtu mara tatu. Nilisema moyoni ni shangwe. Silas Aughton alikuwa chini ya ufunguo wangu saa hiyo.*

"Watakuvua kofia," Prudence alisema.

"Wataivua."

Alitia sahihi. Chini yake alipiga mistari kumi na mmoja mitupu kwa rula, akiandika jina la mwapaji mmoja mwanzoni mwa kila mstari. Halafu akafunga picha kati ya mbao mbili.

Saa kumi na moja kasoro robo alikuwa stesheni. Alifungua mbao, akaisimamisha picha juu ya benchi la mizigo, uso wake barabarani, karatasi mbele yake, wino na kalamu juu ya karatasi. Msimamizi wa stesheni, mmoja wa wale kumi na mmoja, alitoka ofisini, akaona, akarudi ndani, akafunga dirisha.

"Ushahidi wa mtu mmoja," Sephton alisema kwa sauti ya kufika mpaka dirishani, "tena polisi aliyeapa uongo, mawakili wa Kanali watautafuna kwa kifungua kinywa. Watasema mchoraji alibuni. Sahihi tatu, hawataweza. Silas anatema damu. Kalamu hii hapa."

Watu walikuja. Mama Halsall alisimama ng'ambo ya barabara na aproni yake. Aspinall alikuja na mkasi mkononi, amemwacha mtu nusu kichwa. Wilf Rimmer alikuja. Absalom Tyrer alifika mpaka geti la stesheni, kofia kifuani, akasimama hapo, vidole vya viatu vyake vimegusa mstari mweupe wa chokaa. Walijipanga wenyewe, bila kuambiwa, bega kwa bega, kama wafurushaji. Hakuna aliyevuka.

Treni ikapiga filimbi kwenye daraja.

Treni inasimama Marlmoss dakika nne, na nusu ya watu wale bado wanamtazama mbwa wa pichani. Na wewe uliyesoma mpaka hapa, uliyemhukumu Tyrer, uliyeucheka mkokoteni wa Ezra, una ukuta wako nyumbani. Juu yake kuna pambo ulilopewa bure na mtu mkubwa, na pembeni mwa pambo hilo kuna mtu anakutazama. Unamjua jina. Unajua nani amefungwa kwa ajili yake. Usiniambie utafikiria, usiniambie aanze mwenzako. Hivyo ndivyo ilivyosemwa kando ya mtaro, na ilichukua dakika mbili tu.

Enoch aliita mara tatu. Hii ni ya nne. Kalamu ina wino. Usingoje leso. Vuka mstari.